Bodi ya Baba Mdogo Wanyonyi

Vumbi likipashwa moto ndani ya kompyuta kuukuu hutoa harufu ya peke yake, ya nywele zilizoungua kidogo na chuma. Wiki jana mwanangu aliwasha mashine ya mitumba aliyoinunua ili aing'oe vipande, na harufu hiyo ikanifikia jikoni kabla sijajua anafanya nini. Niliacha kitunguu nusu, nikatoka nje, nikasimama karibu na kamba ya nguo. Yeye akadhani nimekasirika kwa ajili ya pesa. Nikamwacha adhani hivyo, maana ningemwambia nini? Anachagua vipande vya kompyuta yake ya kwanza ya gemu, ana furaha tele, na mimi nilipokuwa nikichagua vyangu nilikaribia kumuua ndugu yangu. Angalau hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa muda mrefu.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka enzi zile. Kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini, kikifunikwa kitambaa watu wakifunga kazi. Mjini Kitale saiba, vile vibanda vya kukodi kompyuta, zilikuwa za kuhesabu, ulilipia kwa dakika, na mwenye saiba alisimama nyuma yako akikupumulia shingoni. Humo ndimo nilimoiona gemu ya magari kwa mara ya kwanza, siku baba aliponituma nikapigishe chapa barua yake. Niliona gari jekundu likikata kona mvua ikinyesha, taa zikimulika lami, na tangu hapo sikuwa mzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, msichana wa Kibomet pembeni mwa Kitale, mali yangu ikiwa sungura kumi na mmoja, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine.

Mtu pekee ambaye hakunicheka alikuwa baba mdogo Wanyonyi. Alikuwa mdogo wake baba na kitindamimba wa kukhu, yaani nyanya yetu, aliyekaa Matulo kule upande wa Webuye. Alitengeneza kompyuta za watu mjini Bungoma, na kila jioni alirudi Matulo kulala katika simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, hatua chache kutoka mlango wa kukhu. Alikuwa mrefu, viatu vyake vilikuwa na matope siku zote, na aliniita fundi hata kabla sijawahi kushika bisibisi.

"Sasa fundi. Uko na pesa ngapi?" aliniuliza nilipomweleza nia yangu.

"Za sungura wawili."

"Sungura wawili! Hiyo hata si masikio ya kompyuta, bana." Kisha akauona uso wangu, akatoa kalamu mfukoni. "Haya, leta karatasi. Tutaijenga pole pole, kama vile mtu anajenga nyumba."

Karatasi hiyo nilikaa nayo mwaka mzima, mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Juu kabisa aliandika pawa saplai, lile sanduku linalogawa stima. Mimi nilitaka tuanze na kasha. Kwenye kibanda cha Kamau, nyuma ya soko la Kitale, palikuwa na kasha lenye taa za buluu ubavuni, na kila Jumamosi nilipita kulitazama kama mtu anayemtembelea mgonjwa.

"Kasha ni nguo tu," baba mdogo akasema. "Wewe unataka kushona suti na bado hujapata mtu wa kuivaa. Pawa saplai ya bei rahisi ikilipuka, inakufa na wenzake wote. Hapo usikuwe mchoyo."

Basi sungura wakaenda mmoja mmoja. Kamau, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na ambaye aliuza kila kitu chenye waya, alinizoea hata akawa ananiwekea vitu pembeni. Diski niliipata kwake, ikitoka kwenye ofisi iliyofungwa. Skrini ilikuwa ile ya kisogo kikubwa, nzito, na ilifika nyumbani kwa mkokoteni. Ilipofika zamu ya kadi ya picha tukagombana. Kamau alikuwa na mbili, kubwa yenye feni yake na ndogo isiyo na feni, na tofauti ya bei ilitosha kununua memori. Nilitaka ile kubwa.

"Ati kubwa?" baba mdogo aliniuliza kwenye simu ya baba. "Kadi kubwa na memori kidogo ni kufunga ng'ombe kwa banda ya kuku. Chukua ndogo, uongeze memori. Gari yako itakosa rangi kidogo lakini itakimbia."

Nilinunua ile ndogo machozi yakinilengalenga. Kasha nikapewa bure na Kamau, kuukuu, rangi ya meno yasiyopigwa mswaki. Mwishowe kikabaki kitu kimoja tu, bodi, ule ubao wa kijani ambao vyote hivyo huchomekwa juu yake, pamoja na prosesa, ubongo wa mashine. Kamau alitaja bei ambayo sungura wangu wasingeweza kuizaa kwa miaka miwili.

"Usinunue," baba mdogo akaniambia tulipokwenda Matulo. Alifungua mashine yake mwenyewe akanionyesha. "Hii ni yako. Krismasi nikipata ingine, hii nakupatia pamoja na prosesa." Akaweka kidole kwenye betri ndogo ya mviringo, saizi ya shilingi. "Unaona hii? Hii ndiyo inakumbuka. Hata uzime mashine mwezi mzima, inajua ni saa ngapi na vile uliiambia ifanye."

Krismasi hakuifikia. Aliugua mahindi yakivunwa, wiki moja tu, na tukamzika Matulo. Kwenye matanga binamu zangu waliichomeka mashine yake mle simbani wakawapigia waombolezaji nyimbo za kanisa. Watu walipotawanyika, kukhu alifunga mlango wa simba kwa kamba ya katani, akasema mbele ya wote, "Hakuna mtu aguse kitu ya Wanyonyi. Kila kitu ikae vile iko. Wazee watakuja."

Kwetu vitu vya marehemu hulala mpaka siku wazee wa ukoo wakae wavigawe. Anayechukua kabla ya siku hiyo humchukua na mwenyewe, hivyo ndivyo nilivyowasikia wakubwa wakisema, na sikuuliza maana yake. Nilichojua ni kwamba vitu vya mwanaume wangegawiwa wanaume. Bodi yangu ingekwenda kwa binamu fulani ambaye hakujua hata kuizima. Nililia sana kwa ajili ya baba mdogo, Mungu ni shahidi, lakini nusu ya kilio kile kilikuwa cha bodi.

Likizo ya Desemba tukawa Matulo tena. Siku moja kukhu alikwenda sokoni Misikhu, wengine wakawa shambani, nami nikaifungua ile kamba. Ilikuwa adhuhuri na jua kali, lakini ndani ya simba mlikuwa na giza la rangi ya chai, na harufu ya baba mdogo ilikuwa bado imo. Koti lilikuwa kwenye msumari. Viatu vilikuwa kando ya kitanda, matope yakiwa yamekauka, ncha zake zikielekea mlangoni. Nilichomoa waya wa stima, nikalegeza skurubu, nikaingiza mkono ndani ya kasha, na nilipoigusa bodi nikaurudisha mkono kwa mshtuko. Ilikuwa na uvuguvugu. Mwenyewe alikuwa ardhini zaidi ya mwezi, mlango umefungwa kwa kamba, na kitu chake kilikuwa na joto kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Mwenye akili angekimbia. Mimi niliing'oa, nikaizungushia sweta langu la shule, nikarudisha kifuniko na skurubu zote, nikachomeka waya kama nilivyoukuta. Mlango nikaufunga kwa fundo lile lile. Kukhu alirudi na nyanya na samaki wakavu, na usiku huo tulipokula sikuweza kumtazama usoni.

Mashine yangu niliijenga Kitale kwa siku mbili. Ilipowaka mara ya kwanza ilipiga mlio mmoja mfupi, feni ikanguruma, na nikaruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Baba aliamini kwamba bodi niliinunua kwa Kamau. Likizo yote iliyobaki, kuanzia alasiri hadi niitwe kula, niliendesha gari langu jekundu kwenye lami yenye mvua, na kweli lilikosa rangi kidogo na kweli lilikimbia. Niliwasahau walio hai na waliokufa.

Mashine ilikaa chumbani kwangu, ambako kulikuwa nusu stoo, na ukuta wa mbao ndio uliotutenga na chumba cha wazazi. Waya wake baba mwenyewe aliuchomeka kwenye soketi iliyokuwa nyuma ya gunia la mahindi, pamoja na redio ya baba. Soketi hiyo ilikuwa imemrusha baba siku moja, naye akaapa kwamba mtoto atakayeigusa atamtambua yeye ni nani. Kwa hiyo nilikuwa nikiizima mashine kwa kitufe chake tu, na waya ulibaki umechomekwa mchana na usiku.

Mwaka ulipoanza mama akajifungua mvulana. Alizaliwa kiangazi, na jina la msimu lilikuwa linamngoja, Simiyu. Siku za kwanza alikuwa mtoto wa kulala na kunyonya. Kisha shule zikafunguliwa, baba akapiga marufuku gemu siku za shule, na jioni ya kwanza nilikuwa mezani na hesabu zangu, mashine ikiwa imezimwa tangu jana yake. Saa kumi na mbili na nusu, giza likianza kushuka, nikasikia mlio mmoja mfupi kutoka chumbani kwangu. Feni ikaanza kunguruma. Upande wa pili wa ukuta mtoto akapiga ukelele.

Niliingia. Skrini ilikuwa imejaa mwanga wa buluu, na mwanga huo ulikuwa umekaa kwenye kiti changu kitupu, ambacho kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyokivuta akitaka kukaa. Labda nilikiacha hivyo. Nilibonyeza kitufe mpaka ikafa.

"We msichana, si uliambiwa hiyo mashine uachane nayo?" mama akaita. "Umeniamshia mtoto."

"Mimi sijawasha, mama."

"Sasa ilijiwasha?"

Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa, saa ile ile, hata ungeweza kurekebishia saa ya ukutani. Nikaanza kuvizia. Ikikaribia saa kumi na mbili na nusu nilijisogeza chumbani nikasimama mbele ya ile mashine nyeusi kimya, mikono nyuma, nikihesabu pumzi zangu, na kila mara nilijiambia leo haitawaka. Iliwaka. Niliizima upesi hata mama akawa anasikia mlio tu asiutilie maanani, lakini mtoto alikuwa ameshaamka, na akishaanza alilia saa nzima, saa mbili, mgongo umejipinda, ngumi zimekunjwa, ziwa analikataa. Niliigeuza skrini itazame ukuta. Nikaifunika kwa leso ya mama. Nikaweka Agano Jipya juu ya kasha. Agano lilikuwa likitetemeka kidogo feni ilipoanza.

Mara mbili stima ilipotea kabla ya giza kuingia, na jioni hizo mtoto alilala. Niliona hilo, na nikalielewa visivyo kabisa. Nilidhani baba mdogo anaogopa giza kama mimi, ndiyo maana hakuja.

Mtoto akaanza kupungua. Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa, wakamrudisha na dawa ya tumbo. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao. Mama alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na titi nje, akimtazama mtoto asiyetaka kunyonya, na siku moja nilimsikia akimwambia baba kwa sauti ndogo, "Huyu mtoto anaenda. Naona vile anaenda." Wakubwa walianza kunong'ona kwamba kuna mzee aliyelala ambaye anataka jina lake, maana kwetu mtoto akilia bila sababu hutafutwa jina, huitwa majina ya waliotangulia, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Lakini mimi nilijua zaidi yao. Baba mdogo hakutaka jina. Alitaka bodi yake, na asipoipata angemchukua mtoto.

Dawa pia niliijua. Ningeirudisha Matulo, au ningesema tu. Nilikuwa na bisibisi, nilikuwa na mdomo. Badala yake kila siku nilijiambia kesho, na Jumamosi baba aliponiruhusu kucheza nilicheza, mtoto akiwa kitandani upande wa pili wa ubao, macho makubwa, shingo nyembamba. Nilikuwa nikimpima ndugu yangu na gari jekundu, na siku nyingi gari ndilo lililoshinda. Naandika hili kwa aibu, na sijui mtoto mwingine angefanya nini, mimi ndivyo nilivyofanya.

Mwishowe kukhu akaitwa. Baba alikuwa mtu wa kanisa na hakuyapenda mambo hayo, lakini alimtazama mama akaacha kubisha. Kukhu alikuja kutoka Matulo na kuku mmoja na maziwa ndani ya kibuyu, akamtazama mtoto, akasema tungoje saa yake ya kulia. Jioni ilipokaribia tukaketishwa sote chumbani kwa wazazi, baba, mama, mimi, na kukhu kwenye kigoda na mtoto magotini. Niliomba ruhusa ya kwenda choo. Baba akasema keti.

Giza likashuka. Mlio mmoja mfupi, halafu ngurumo ile ya feni, wazi kabisa kupitia mbao. Kukhu akainua kichwa na mikono yake ikasimama juu ya mtoto. Mtoto akaanza.

"Barasa," kukhu akasema kwa upole, akimwita babu yake mtoto. "Kama ni wewe, Barasa, nyamaza, ulare." Akangoja. Mtoto alilia. "Khisa. Kama ni wewe, nyamaza, ulare." Akaenda kwa Masinde, akaenda kwa Makokha, akaenda kwa watu ambao hata baba hakuwa amewahi kuwasikia, akiita na kungoja, na baada ya kila jina kulikuwa na kilio cha mtoto na ile ngurumo nyuma yake ambayo hakuna aliyekwenda kuizima. Nilihisi kwamba chumba kinajaa. Kila aliyeitwa na kukataliwa nilimwona akisogea ukutani kumpisha mwenzake, na bado nafasi moja ilikuwa tupu.

Kukhu akaacha kuita.

"Mama, wamekwisha?" baba akauliza.

"Wamekwisha."

Hawakuwa wamekwisha, na sote tulijua. Kulikuwa na mmoja ambaye kukhu hakumtaja, na midomo yake ilikuwa imebana. Mtoto alikuwa ameanza kulia ile sauti ya mwisho, kavu, ambayo hutoka bila machozi. Uoga ulinishinda, au labda upendo, siku hizi sijui tena kuvitenganisha. Niliruka, nikakimbilia chumbani kwangu, nikapanda juu ya gunia la mahindi huku nikipiga kelele, "Baba mdogo Wanyonyi! Ni mimi nilichukua! Muache mtoto, ni mimi!" Nikaishika ile soketi iliyokatazwa, nikachomoa kila kitu.

Ngurumo ikafa. Na upande wa pili, mtoto akanyamaza.

Nilirudi mlangoni nikingoja kuuawa. Hakuna aliyenitazama. Mama alikuwa ameweka mikono kichwani. Kukhu alikuwa amemwinua mtoto karibu na uso wake, na mtoto alikuwa akimtazama, akishusha pumzi kwa kwikwi.

"Umesema nani?" kukhu akaniuliza bila kugeuka.

"Wanyonyi."

"Wanyonyi," akamwambia mtoto. "Umekuja?" Kisha akalia na kucheka pamoja, mama akapiga kigelegele kilichokatika katikati, baba akatoka nje kufuta macho. Mtoto akatiwa ziwani akanyonya kama mtu aliyetoka safari. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilichukua nini.

Tangu siku hiyo niliichomoa mashine kila nilipomaliza, iwe marufuku au la, na baba hakunigombeza kwa sababu nilikuwa msichana aliyeliona jina. Ndugu yangu akanona. Leo ni mwanaume mzima, anaitwa Wanyonyi, anafuga kuku Kibomet na hana haja na kompyuta hata kidogo. Siku ya kugawa vitu ilipofika, binamu zangu walifungua kasha la marehemu wakalikuta halina bodi, wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Kukhu akawaambia waache ujinga, labda mwenyewe aliiuza bodi yake kabla ya kuugua.

Nilipofika chuo, mwalimu wetu wa kompyuta siku moja alitufungulia ule ukurasa wa mipangilio ambao hutokea kabla mashine haijaamka vizuri, maandishi meupe juu ya buluu. Akatuonyesha mstari mmoja. Hapa, alisema, unaiambia mashine ijiwashe yenyewe kila siku saa fulani, mradi waya umechomekwa, na betri ndogo itakumbuka hata ukiihamisha nyumba. Niliomba ruhusa, nikakaa kwenye ngazi za nje. Nilicheka kwanza. Likizo ile nzima nilikuwa nikicheza jioni, mashine ikiwa imewaka tayari, ndiyo maana sikuwahi kuiona ikijiwasha. Stima ilipopotea haikuwaka, mtoto hakushtuka. Hata ule uvuguvugu wa simbani ulitokana na waya, maana bodi iliyochomekwa haipoi kabisa. Yote yalikuwa na maelezo. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeizima jioni nyingi kabla ya ile ya majina, tena upesi, na mtoto hakuwahi kunyamaza hata mara moja. Watu husema watoto wachanga hulia jioni na huchoka wenyewe. Nimeamua kukubaliana nao.

Kukhu nilimwambia akiwa mzee sana, mwaka mmoja kabla hajatuacha. Tulikuwa Matulo, ukumbini mwake, mchana, tukichagua maharagwe. Nilimweleza kila kitu, kamba, sweta, soketi, mwalimu na ukurasa wake wa buluu. Nilimwambia ndugu yangu ana jina la mtu kwa sababu ya saa iliyowekwa kwenye mashine. Nilitegemea ashtuke. Aliendelea kuchagua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, kukhu?"

"Ile mashine ilikuwa ya kuniambia. Wanyonyi aliifundisha iamuke kabla afike, sababu ilikuwa inachelewa kuwa tayari, na yeye anataka akifika tu akae. Ikianza kuguruma mimi najua ametoka barabara kubwa, yuko kwa njia. Naweka chai kwa moto. Kabla ichemuke, nasikia viatu."

"Na alipokufa?"

"Alipokufa, yenyewe haikujua. Kila jioni inaamuka tu. Watoto waliiacha kwa stima siku ya matanga, na mimi nikasema wacha ikae hivyo. Ndiyo nilifunga mlango. Nilisema wazee, wazee. Wazee gani? Ni mimi nilikuwa naingia. Nafungua kamba, nakaa kwa kitanda yake na chai yangu na yake, nakaa na hiyo sauti mpaka giza iingie kabisa, halafu nabonyeza ilare."

Alipuliza makapi kwenye ungo.

"Siku moja nilitoka Misikhu. Jioni nikaweka chai, nikangoja iamuke. Haikuamuka. Nikaingia, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kwa kaburi mimi sikuria, uliza baba yako. Siku hiyo ndiyo nilijua mtoto yangu amekufa."

Maharagwe yalikuwa mkononi mwangu na sikujua niyaweke wapi. Nilimuuliza kama alijua ni mimi.

"Nilijua Kitale, niliposikia inaguruma kwa ukuta. Nilikuwa nimemaliza majina yote, na lake mdomo ilikataa. Mama hawezi kuita mtoto yake kati ya wafu. Nikangoja mtu mwingine aseme." Akanitazama, macho yake yakiwa yamefifia. "Ukasema wewe."

Kwa miaka ile yote nilikuwa nikimwogopa marehemu. Kila nilipopita kaburini nilimwomba msamaha kimoyomoyo, na siku nyingine niliacha hata peremende. Niliyemwibia alikuwa hai, ameketi ndani ya nyumba iliyo hatua chache kutoka hapo, na hakuwahi kuniambia neno. Nilitaka kumuuliza jioni ile ambayo haikuwaka aliifanyia nini chai ya pili. Sikuthubutu.